Nyimbo za Jadi ni Mali ya Nani? Asili na Umilikaji wa Mahadhi katika Fasihi Simulizi

Utangulizi

Mwanafunzi wa shule ya upili akiulizwa atofautishe fasihi simulizi na fasihi andishi, aghalabu huanza na hoja moja: fasihi andishi ina mwandishi anayejulikana, ilhali fasihi simulizi ni mali ya jamii na mtunzi wake hajulikani. Hoja hii si ya uongo, na mtahini huipa alama yake. Hata hivyo, watahiniwa wengi huivusha mpaka. Wakishasema kwamba mtunzi hajulikani, huhitimisha kuwa wimbo hauna mwenyewe, kana kwamba kitu cha wote ni kitu cha yeyote anayekiokota njiani.

Makala haya yananuia kuonyesha kwamba kutojulikana kwa asili ya wimbo ni jambo moja, na kukosa mwenyewe ni jambo jingine kabisa. Tutaanza kwa kuutenganisha wimbo katika sehemu zake, kisha tuangalie mifano ya nyimbo ambazo asili au umilikaji wake umezua maswali, hasa wimbo wa taifa letu. Mwishoni tutapendekeza namna ya kulishughulikia suala hili darasani, nyanjani na katika mtihani.

1. Wimbo una tabaka zaidi ya moja

Tunapouliza wimbo ni wa nani, tunapaswa kwanza kuuliza: wimbo upi? Kila wimbo una angalau tabaka nne.

(a) Mahadhi: Huu ni mpando na mshuko wa sauti pamoja na mapigo yake. Mahadhi yanaweza kutambulika hata mtu akiyavumisha tu bila kutamka neno.
(b) Maneno: Haya ndiyo tunayoyaandika kwenye karatasi na kuyachambua kama shairi.
(c) Utendaji: Hapa twazungumzia sauti ya fanani, ala, mavazi, viungo vya mwili na ushiriki wa hadhira.
(d) Muktadha: Ni tukio linaloupa wimbo uhalali wa kuimbwa, kama vile jando, arusi, mazishi, kilimo au ulezi wa mtoto.

Siku hizi kuna tabaka la tano, yaani rekodi. Sauti ikishanaswa, aliyeinasa anaweza kuwa na haki juu ya rekodi hiyo bila kuwa na haki yoyote juu ya wimbo wenyewe.

Tabaka hizi si lazima ziwe na mwenyewe mmoja. Tuchukue mfano wa taarabu ya Mombasa. Marehemu Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alivuma kwa mtindo uliotumia mahadhi ya nyimbo za filamu za Kihindi. Miongoni mwa mashairi aliyoyaimba yalikuwamo ya Ahmad Nassir, malenga wa Mvita. Basi msikilizaji wa wimbo wa namna hiyo huwa anasikia kazi ya watu watatu: mtunzi wa mahadhi wa India, mshairi wa Mvita na mwimbaji. Akiulizwa wimbo ni wa nani, jibu la neno moja halitoshi.

Walimu wengi wa Kiswahili tumezoea kushughulikia tabaka la maneno peke yake. Twaandika ubeti ubaoni, tunauliza kuhusu takriri, istiara na dhamira, halafu kengele inalia. Mahadhi hayaandikwi ubaoni, na kwa sababu hiyo husahaulika kwamba nayo yametungwa na watu, yamehifadhiwa na watu na yanaweza kuchukuliwa kutoka kwa watu.

2. Asili haijulikani, lakini wenyewe wapo

Mahadhi husafiri kwa wepesi kuliko maneno. Maneno yana mpaka wa lugha, mahadhi hayana. Mwanamke anayeolewa katika jamii jirani huenda na bembelezi za mamake. Vibarua wanaokutana mashambani, wanafunzi wa shule za bweni na waumini wa kanisa moja huambukizana nyimbo. Baada ya kizazi kimoja au viwili, jamii mbili huimba mahadhi yale yale kwa maneno tofauti, na kila moja huapa kuwa ni yake. Kuutafuta mwanzo wake ni sawa na kutafuta tone la kwanza la mto.

Je, hali hii inafuta umilikaji? La hasha. Tuchukue Sioyaye ya Wabukusu. Wimbo huu huimbwa na kundi linalomsindikiza mtahiriwa kutoka mtoni alfajiri ya siku ya tohara. Masimulizi ya Wabukusu wenyewe huihusisha desturi hiyo na shujaa Mango, aliyemuua nyoka mkubwa na kutahiriwa na majirani wa jamii za Wakalenjin. Maana yake ni kwamba jamii hii haioni haya kusimulia kuwa ilikipata kitu muhimu kwa jirani. Hata hivyo, hakuna Mbukusu atakayekubali kwamba Sioyaye ni ya mtu yeyote. Unajulikana wakati wake, mahali pake, watu wanaopaswa kuuimba na jambo linalofuata baada ya kuimbwa. Ukiimbwa na mashabiki wa mpira au na wanafunzi wanaogoma, wazee hukereka, kwa sababu wimbo umetolewa katika muktadha wake.

Hapa tunapata kigezo muhimu. Umilikaji wa wimbo wa jadi hauthibitishwi kwa kumtaja mtu wa kwanza aliyeutunga. Huthibitishwa kwa kuuliza: nani anaufunza? Nani anajua uimbwe lini na usiimbwe lini? Nani ana haki ya kuubadilisha? Na ukiimbwa vibaya, nani hukasirika? Wimbo ambao maswali haya yana majibu una mwenyewe, hata kama mtunzi wake alikufa kabla ya babu wa babu zetu kuzaliwa.

3. Bembelezi lililogeuka wimbo wa taifa

Hakuna mfano ulio karibu nasi kuliko wimbo wa taifa la Kenya. Wanafunzi huuimba gwarideni, lakini wachache wanajua kwamba mahadhi yake yalitokana na bembelezi la Wapokomo, jamii ya wakulima na wavuvi wanaoishi kandokando ya mto Tana.

Mwaka 1963, nchi ikijiandaa kwa uhuru, iliundwa tume ya wanamuziki watano: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Kazi yao ilikuwa kutayarisha wimbo ambao Wakenya wangeutambua kuwa wao. Badala ya kuagiza mahadhi ya Kizungu, tume iliyaegemeza mahadhi kwenye bembelezi la Kipokomo, ikayapangia sauti na kuyatungia maneno ya Kiswahili yaliyo na muundo wa sala. Mwanamuziki wa Kipokomo ambaye jina lake limehusishwa na mahadhi hayo ni Mzee Meza Morowa Galana. Wimbo huo ndio uliopokea uhuru tarehe 12 Desemba 1963.

Kwa mhakiki wa fasihi simulizi, tukio hili ni hazina. Kwanza, dhima imebadilika. Wimbo uliokusudiwa kumlaza mtoto sasa humsimamisha mtu mzima. Pili, fanani amebadilika: mama mmoja na mwana mgongoni amekuwa kwaya, bendi ya polisi na umati uwanjani. Tatu, maneno yamebadilika kutoka Kipokomo hadi Kiswahili, lugha mbili zilizo za kundi moja la Kisabaki lakini zisizo lugha moja. Nne, muktadha umebadilika kutoka nyumbani hadi dolani. Kilichosalia ni mahadhi.

Sasa tuulize: wimbo huu ni wa nani? Ni wa Wakenya wote, na Katiba ya mwaka 2010 inautambua katika Kifungu cha 9 kuwa mojawapo ya alama za taifa. Tume iliyoupanga nayo ina sehemu yake. Lakini hata jibu hilo la pili, ambalo ni la haki, haliwezi kuwafuta Wapokomo. Akina mama walioyahifadhi mahadhi hayo kinywani, kizazi baada ya kizazi, hawakuandika majina yao popote. Jina la Mzee Galana lenyewe halifahamiki katika madarasa mengi yanayoimba mahadhi hayo kila wiki. Wakenya wakisema wimbo wa taifa ni mali ya wote, na wasiseme umetoka kwa nani, kauli ya umilikaji wa pamoja huwa pazia.

Hatari ya pazia hilo ilionekana mwaka 2018, pale ambapo kampuni ya kigeni ilidai haki kuhusiana na wimbo wa taifa uliokuwa umetumiwa katika video moja kwenye YouTube. Wakenya wengi walishtuka, na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya ikalazimika kutoa maelezo. Kitu ambacho wenyewe hawakisemei, wengine hukisemea.

4. Wimbo unapoitwa wa jadi ilhali mtunzi wake yupo

Kosa la pili ni kinyume cha la kwanza. Wimbo una mtunzi anayejulikana, lakini kwa kuwa ni wa Kiafrika, unadhaniwa kuwa wa jadi.

Mfano mashuhuri ni Mbube wa Solomon Linda, Mzulu wa Afrika Kusini. Linda aliurekodi na kundi lake la Original Evening Birds mjini Johannesburg mwaka 1939, na haki zake zikauzwa kwa shilingi 10. Rekodi hiyo ilimfikia Pete Seeger wa Marekani, ambaye alidhani ni wimbo wa jadi wa Kizulu. Kundi lake la The Weavers liliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa jina la Wimoweh. Mwaka 1961 kundi la The Tokens likautoa kwa maneno ya Kiingereza, na mwaka 1994 ukasikika katika filamu ya The Lion King. Linda alikuwa amefariki mwaka 1962 akiwa maskini. Binti zake walipata suluhu ya kisheria mwaka 2006, baada ya kesi. Neno moja, wa jadi, lilichangia kuinyima familia haki yake kwa zaidi ya miaka 40.

Mfano wa pili ni wimbo ambao Watanzania wanaujua kwa jina la Mungu Ibariki Afrika. Mahadhi yake yalitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg. Wapo wataalamu wanaosikia ndani yake mwangwi wa wimbo wa kanisa wa Joseph Parry wa Wales. Mahadhi hayo yamo katika nyimbo za taifa za Tanzania, Zambia na Afrika Kusini. Basi mahadhi yenye mtunzi mmoja yana wenyewe watatu, na kila mmoja anayaimba kwa unyenyekevu wake.

Mfano wa tatu ni Malaika. Fadhili William, mzawa wa Taita, aliurekodi akiwa na Jambo Boys mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ndiye anayetajwa zaidi kama mtunzi. Adam Salim naye alidai kuwa ndiye aliyeutunga, mnamo mwaka 1945. Miriam Makeba aliupeleka ulimwenguni, na Boney M wakauimba mwaka 1981. Mwanafunzi anapouita Malaika wimbo wa jadi wa Waswahili, anaumaliza ubishi kwa njia isiyo ya haki: anawanyima wadai wote.

Kutokana na mifano hii mitatu, mwalimu awafunze wanafunzi kutofautisha maneno matatu. Wimbo wa jadi ni ule ambao jamii imeupokea na kuubadilisha kwa vizazi, hata mkono wa mtunzi wa kwanza ukafutika. Wimbo pendwa ni ule uliotungwa na msanii wa kisasa na kuenea mno. Wimbo wenye mgogoro ni ule ambao zaidi ya mtu mmoja au jamii moja inaudai. Si kila wimbo wa zamani ni wa jadi, na si kila wimbo unaojulikana na wote ni wa wote.

5. Sheria inasemaje?

Hakimiliki ya kawaida iliundwa kwa ajili ya mtunzi mmoja anayejulikana. Nchini Kenya, kwa kazi za fasihi na muziki, hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Ni vigumu kuitumia kuulinda wimbo wa jadi, maana hatuwezi kuhesabu miaka 50 tangu kifo cha mtu tusiyemjua.

Ndiyo sababu Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 11, iliagiza Bunge litunge sheria ya kuhakikisha kwamba jamii zinapata fidia au mirabaha kwa matumizi ya tamaduni na urithi wao. Mwaka 2016 ilipitishwa sheria ya kulinda maarifa ya jadi na tamaduni. Sheria hiyo inaitambua jamii kuwa mwenye haki, na inamtaka anayetaka kutumia kazi ya jadi kupata idhini ya jamii husika kwanza. Kimataifa, ngoma ya Isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega iliingizwa mwaka 2014 katika orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kuhifadhiwa kwa dharura. Tanabahi kwamba jina la mtunzi halikuhitajika. Kilichohitajika ni jamii inayoitambua ngoma hiyo kuwa yake.

6. Mwalimu na mwanafunzi nyanjani

Utafiti wa nyanjani ni sehemu ya mafunzo ya fasihi simulizi. Mara nyingi mwanafunzi hurudi na daftari lenye maneno ya wimbo pekee na jina la jamii juu yake. Hii haitoshi. Anapokusanya wimbo, anakili mambo yafuatayo:

(i) Jina la fanani, iwapo ameridhia litajwe, pamoja na umri na eneo lake.
(ii) Aliyemfunza fanani wimbo huo, na mahali alipomfunzia.
(iii) Tukio ambalo wimbo huimbwa, na wakati ambao haupaswi kuimbwa.
(iv) Jamii nyingine zenye mahadhi kama hayo, kadiri fanani anavyofahamu.
(v) Idhini ya fanani, na mipaka ya idhini hiyo. Kuimbia darasa si kuimbia simu itakayosambaza wimbo kwa watu wasiojulikana.

Jambo hili linatuhusu pia sisi walimu tunaotayarisha wanafunzi kwa Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927. Tunapoupangia sauti wimbo wa jamii isiyo yetu, tuandike kwamba tumeupanga, wala si kwamba tumeutunga. Tuitaje jamii na, pale inapowezekana, mzee au mama aliyetuimbia. Pia tumuulize kama wimbo huo unafaa kuimbwa jukwaani na watoto wa rika na jinsia tuliyowachagua. Kumtaja mtu hakugharimu chochote.

7. Swali la mfano na mwongozo

Mwanafunzi alirekodi bembelezi kutoka kwa nyanya yake. Nyanya alisema alifunzwa na mamake, aliyekuwa ameolewa kutoka jamii jirani. Baadaye msanii mmoja aliyatumia mahadhi hayo katika wimbo wa mapenzi na kuandika jina lake peke yake kama mtunzi. Alipoulizwa, alijibu kuwa nyimbo za jadi hazina mwenyewe.

(a) Eleza sifa nne za kipera cha bembelezi. (alama 8)
(b) Mjibu msanii kwa hoja tatu. (alama 6)
(c) Fafanua mambo matatu ambayo yangebadilika bembelezi hilo lilipogeuzwa wimbo wa mapenzi. (alama 6)

Katika (a), mtahiniwa ataje, mathalan, sauti ya chini na mapigo ya polepole, takriri, ufupi wa mishororo, ahadi au tahadhari kwa mtoto, na kuimbwa na mlezi kwa kuandamana na kumpakata au kumpembeza mtoto.

Katika (b), hoja dhaifu ni kusema tu kwamba msanii ameiba. Hoja zenye uzito ni hizi: kutojulikana kwa mtunzi wa kwanza hakuondoi haki ya jamii iliyouhifadhi wimbo; msanii ametunga maneno wala si mahadhi, hivyo anastahili kutajwa kwa tabaka moja tu; wimbo ulikuwa wa jamii mbili kupitia ndoa, na kuwa na wenyewe wawili si sawa na kutokuwa na yeyote. Mtahiniwa anayetaja haja ya idhini na fidia pia apewe alama, mradi aieleze.

Katika (c), aonyeshe mabadiliko ya dhima, hadhira, fanani, maneno, ala na kasi. Kutaja bila kueleza kupate nusu ya alama.

Mtahiniwa atahadhari na kosa moja la kawaida. Asiandike kuwa wimbo wa jadi haubadiliki. Kubadilika ni sifa ya fasihi simulizi, na msanii hakukosa kwa kuubadilisha wimbo. Alikosa kwa kunyamaza kuhusu alikoutoa.

Hitimisho

Tumeona kwamba wimbo una tabaka kadhaa, na kila tabaka linaweza kuwa na mwenyewe wake. Tumeona kuwa asili inaweza kupotea huku umilikaji ukibaki, kama ilivyo kwa Sioyaye na kwa bembelezi la Wapokomo. Tumeona pia kwamba kuuita wimbo wa jadi pasi na uchunguzi kunaweza kumdhulumu mtunzi, kama alivyodhulumiwa Solomon Linda.

Kwa hiyo, tunapofunza kwamba fasihi simulizi ni mali ya jamii, tusiishie hapo. Tumuulize mwanafunzi: jamii ipi? Ni nani katika jamii hiyo aliyeihifadhi? Nasi tumemtaja? Juma hili gwarideni, kabla ya wimbo wa taifa kuanza, mwalimu wa Kiswahili aliye zamu anaweza kuwaambia wanafunzi kwa sentensi moja kwamba mahadhi wanayokaribia kuyaimba yalitoka kwa akina mama wa mto Tana. Hilo nalo ni somo la fasihi simulizi.